Chaja ya ukutani au ya kubeba? Mwongozo kamili wa kuchaji gari la umeme nyumbani Dar es Salaam

Simu ninazopigiwa kuhusu magari ya umeme huwa za aina tatu. Wa kwanza soketi yake imeyeyuka. Wa pili kanunua chaja mpya, kaichomeka, imewaka taa nyekundu na gari haliingizi hata uniti moja. Wa tatu breka kubwa inajikata saa mbili usiku, nyumba nzima inakuwa giza, na hajui alaumu gari au TANESCO.

Ukiwahoji vizuri, wote walianza na duka. Walinunua chaja kwanza, ndipo wakaja kuiuliza nyumba kama inaiweza. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tutaanza na gari, twende kwenye kilomita zako, mita, erthi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na nyaya, na uamuzi wa chaja uje hatua ya 6. Usiruke hatua. Kila moja ipo kwa sababu kuna mtu aliiruka, nikaitwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya tundu la kuchajia la gari lako, iliyopigwa kwa karibu na kwa mwanga wa kutosha.
- Kitabu cha gari, au kibandiko kinachoonyesha uwezo wa chaja ya ndani ya gari.
- Kilomita unazotembea kwa wiki moja. Soma odometa Jumatatu asubuhi, usome tena Jumatatu inayofuata.
- Picha ya mita ya LUKU na ya DB, yaani sanduku la breka, ikiwa mlango wake uko wazi.
- Testa ya soketi ya kuchomeka, ile yenye taa tatu. Kariakoo zimejaa.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, anayekuja na multimita, klampu mita (inayosoma ampea bila kukata waya) na kipimo cha erthi. Akija na bisibisi yenye taa peke yake, mshukuru na umtafute mwingine.
- Kama umepanga: ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi.

Chaja yenyewe haimo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Kama umeshainunua, iache kwenye boksi lake mpaka umalize hatua ya 5.

## Tuelewane kwanza: chaja halisi iko ndani ya gari

Kile kiboksi kinachofungwa ukutani, na hiki kingine chenye kebo unachokiweka kwenye buti, vyote viwili kazi yake ni moja. Vinakagua kama kuna erthi, vinaliambia gari lichukue ampea ngapi, kisha vinafungulia umeme. Kugeuza umeme wa TANESCO kuwa umeme wa betri kunafanywa na chaja iliyo ndani ya gari.

Ndiyo maana ukifunga ukutani kifaa cha kilowati 22 na gari lako ndani lina kilowati 3, utapata kilowati 3. Hela nyingine zote umezipaka ukutani kama rangi.

Tofauti ya kweli kati ya vifaa hivi viwili ni hii: chaja ya kubeba inategemea soketi, na ya ukutani imefungwa moja kwa moja kwenye waya wake. Soketi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Shika neno hilo, tutalirudia.

## Hatua ya 1: Lisome gari lako

Fungua kifuniko cha tundu la kuchajia uhesabu matundu madogo ndani yake.

Magari yaliyotoka Japani, kama Nissan Leaf nyingi tunazoziona hapa mjini, yana matundu mawili puani. Dogo lenye matundu matano ni Type 1, na hilo ndilo la nyumbani. Kubwa ni CHAdeMO, la vituo vya kuchaji haraka, kwa hiyo usilihangaikie. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, na mengi ya Kichina yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, hutumia Type 2 yenye matundu saba. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wachina wenyewe, yakaletwa huku yakiwa yametumika, huwa na GB/T. Type 2 na GB/T ukizitazama kwa mbali zinafanana, lakini haziingiliani. Nimeona mtu analazimisha kwa kiganja cha mkono mpaka akavunja kishikio.

Kisha tafuta uwezo wa chaja ya ndani. Leaf nyingi za soko la Japani zina kilowati 3 hivi, na baadhi zina 6. Magari mapya mengi ya umeme yanaanzia kilowati 7. Andika namba yako.

Onyo kwa wenye gari la Japani. Kebo iliyokuja na gari soma kibandiko chake. Kama imeandikwa volti 100 pekee, usiichomeke kabisa, maana umeme wetu ni volti 230. Kama imeandikwa volti 200 na ampea 15, bado usikate plagi yake ya Kijapani ukaifunga plagi yetu ya pini tatu. Plagi yetu imetengenezwa kwa ampea 13, na fyuzi yake haikatiki kwa ampea 15. Itabeba mzigo huo usiku kucha huku ikipika plagi taratibu. Nunua kebo mpya ya Type 1 iliyoandikwa volti 230 au 250.

Umefaulu ukiwa na: jina la tundu na namba ya kilowati, vyote viwili vimeandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Hesabu kilomita, acha kuhesabu ukubwa wa betri

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu ana betri ya uniti 40, anapiga hesabu kwamba chaja ya kubeba itachukua karibu saa 20 kuijaza, anakata tamaa na kukimbilia kifaa kikubwa cha ukutani. Lakini wewe hulali na betri tupu kila siku. Unachorudisha usiku ni kile ulichokitumia mchana.

Tumchukue mtu anayekaa Bunju na kufanya kazi Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100, ukiweka na AC ambayo foleni yetu inailazimisha. Hiyo ni uniti 9.6. Ongeza kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, unafika uniti 11.

Sasa gawanya kwa nguvu ya chaja:

- Chaja ya kubeba ikiwa ampea 10, yaani kilowati 2.3: saa 5 hivi.
- Ampea 16, kilowati 3.7: saa 3.
- Ampea 32, kilowati 7.4: saa moja na nusu.

Ukichomeka saa nne usiku, kwa ampea 10 umemaliza saa tisa alfajiri. Muda bado upo.

Kwa hela: kwenye tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, umeme wa shilingi 10,000 unakupa kama uniti 28. Zile uniti 11 ni kama shilingi 3,900 kwa siku. Na kama nyumba yako iko D1, ile ya wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, ujue gari litakutoa humo. Siku 22 za kazi kwa uniti 11 ni uniti 242, bila kuhesabu friji. Ingiza hilo kwenye bajeti mapema, usije ukadhani mita imeharibika.

Umefaulu ukiwa na: namba ya saa unazohitaji kila usiku. Zikiwa chini ya 8 kwa ampea 10, chaja ya kubeba inakutosha kwa upande wa muda. Zikizidi 8, endelea kusoma ukiwa na chaja ya ukutani akilini.

## Hatua ya 3: Soma mita na DB

Tazama mita ya LUKU. Utaona maandishi kama 5(60)A au 5(80)A. Namba iliyo kwenye mabano ndiyo ampea za juu kabisa ambazo mita inabeba. Kisha tazama breka kubwa kwenye DB, nayo ina namba yake. Ndogo kati ya hizo mbili ndiyo kikomo chako, labda fundi akute waya wa kutoka nguzoni ni mwembamba zaidi.

Sasa jumlisha jioni yako. Nyumba niliyoipima Tegeta ilikuwa hivi saa mbili usiku: AC mbili, kilowati 2.4, hita ya kuogea, kilowati 5, jiko la sahani moja, 1.5, pampu ya maji, 0.75, friji, taa na televisheni, 0.6. Jumla kilowati 10.25, yaani karibu ampea 45. Breka kubwa ni ya 60.

Ongeza chaja ya kubeba ya ampea 10: unafika 55, nyumba inahimili. Ongeza ya ukutani ya ampea 32: unafika 77, breka inajikata. Breka hapo haina kosa lolote. Na usimruhusu mtu aibadilishe kuwa kubwa ili "isisumbue", kwa sababu inazilinda nyaya ambazo zenyewe hazijabadilishwa.

Njia za kupona ni tatu. Panga muda wa kuchaji uanze saa tano usiku, watu wakishaoga. Au shusha ampea za chaja. Au nunua chaja ya ukutani inayokuja na klampu ya kufungwa kwenye waya mkubwa: inasoma mzigo wa nyumba, mtu akiwasha hita gari linapunguziwa, hita ikizimwa gari linaongezewa. Kwa nyumba za fezi moja zenye AC, hii ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kuomba fezi tatu TANESCO ni uamuzi wa mwisho, na haufai kabisa kama gari lako ndani ni la kilowati 3 au 7 za fezi moja.

Umefaulu ukiwa na: ampea zilizobaki saa ya mzigo mkubwa, na ampea zilizobaki usiku wa manane.

## Hatua ya 4: Erthi

Hatua hii naomba uisome polepole, kwa sababu ndiyo inayoua.

Chaja ya gari haifanani na pasi. Pasi itapata moto hata kama hakuna erthi. Chaja ya gari inapima erthi kabla ya kufungulia umeme, na isipoiona inawasha taa nyekundu na kukaa kimya. Wengi wakiona hivyo wanasema wameuziwa chaja mbovu. Mara nyingi chaja ni nzima, nyumba ndiyo haina erthi.

Nyumba nyingi za hapa mjini zina waya wa kijani na njano kwenye kila soketi, umevutwa vizuri mpaka kwenye DB, kisha unaishia hapo. Fimbo ya erthi haipo ardhini, au ilikuwepo ikaliwa na chumvi, au wajenzi wa ukuta waliikata wakaifukia. Tundu la tatu la soketi linabaki pambo.

Fanya hivi. Chomeka testa ya taa tatu kwenye soketi iliyo karibu na maegesho. Ikionyesha hakuna erthi, umeshapata jibu. Ikionyesha ipo, usishangilie bado: testa hiyo inajua tu kama waya umeungwa mahali, haijui kama ardhi inapokea umeme. Hapo ndipo fundi anahitajika.

Fundi apime kwa multimita. Kati ya laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) apate karibu 230. Kati ya laini na erthi apate karibu namba ileile. Kati ya nyutro na erthi apate volti chache tu. Akipata laini na erthi volti 100 na kitu, inayopanda na kushuka, huo waya unaelea hewani. Kisha apime fimbo yenyewe kwa kipimo cha erthi. Mimi hulenga ohm 10 au chini, maana ohm zikiwa chache ndivyo ardhi inavyopokea umeme vizuri. Ikipita 100, sifungi chaja yoyote mpaka tuongeze fimbo.

Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach mchanga unatusumbua sana. Wakati wa masika kipimo kinasoma vizuri, ikifika Septemba mchanga umekauka na namba imepaa. Pima kiangazi. Fimbo moja ikishindwa, ongeza nyingine na uziunganishe, lakini umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo, maana zikikaribiana sana zinagombania udongo uleule. Tafuta fimbo iliyopakwa shaba nene. Nondo ya kujengea haidumu kwenye udongo wa pwani.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Kuna watu watakuambia uunganishe nyutro na erthi ndani ya soketi ili taa nyekundu izime. Ni kweli itazima, na gari litachaji. Siku waya wa nyutro utakapokatika, nje kwenye nguzo au ndani kwenye DB, bodi lote la gari litakuwa na umeme wa volti 230. Mtoto anayeosha gari la baba yake Jumamosi asubuhi, miguu iko kwenye maji, ndiye atakayeushika mlango. Ukimkuta fundi anafanya hivyo, mtoe nyumbani kwako.

Umefaulu ukiona: namba ya ohm imeandikwa kwenye karatasi, na tarehe yake.

## Hatua ya 5: Ikague soketi yenyewe

Mwaka jana niliitwa Tabata kwa mama mmoja ambaye gari lake lilikuwa linaacha kuchaji katikati ya usiku. Nilimwamkia, akanipeleka hadi barazani. "Fundi, jana ilinukia kama mtu anachoma ndoo," akaniambia.

Soketi ilikuwa nyeupe, bado inang'aa, ya muda si mrefu. Lakini tundu la chini upande wa kulia lilikuwa limezungukwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagika na kukauka. Hilo ndilo tundu la laini, na ndani ya plagi fyuzi nayo inakaa upande huohuo, kwa hiyo joto lote linakusanyika hapo. Nilizima umeme, nikavuta plagi. Haikutoka. Plastiki ya plagi na ya soketi zilikuwa zimeshikana.

Nilipofungua nikakuta nyaya mbili za 1.5 (milimita za mraba), zile za taa, zimebanwa chini ya skrubu moja iliyolegea. Aliyezifunga alidhani soketi ya barazani itachajia simu.

Kwa hiyo, umeme ukiwa umezimwa kwenye DB, fundi afungue soketi yako aangalie mambo manne: unene wa waya, usiwe chini ya 2.5, skrubu zimekaza, waya unatoka moja kwa moja kwenye DB au umeungwa kutoka soketi nyingine, na jina lililochapwa nyuma ya soketi. Soketi nyepesi inayopinda ukiibana kwa vidole haifai. Zima, toa, weka nzito.

Ukikuta waya umeungwa kutoka soketi ya jikoni au chumbani, usichajie gari hapo hata kama kila kitu kingine ni kizima. Friji na gari havipaswi kushiriki waya mmoja kwa saa tano mfululizo.

## Hatua ya 6: Amua

Sasa uko tayari. Maoni yangu, baada ya kuingia nyumba nyingi: watu wengi wa Dar es Salaam wanatosheka na chaja ya kubeba iliyowekewa waya na soketi yake peke yake. Hela inayobaki iende kwenye erthi.

Chagua ya kubeba kama umepanga, kama mnatumia LUKU moja na wapangaji wengine, kama unatembea chini ya kilomita 80 kwa siku, au kama gari lako ndani ni la kilowati 3. Mpangaji hasa: chaja ya ukutani ukihama unaacha waya, bomba na breka kwa mwenye nyumba. Kwenye LUKU ya pamoja, fungeni mita ndogo kwenye waya wa gari kabla ya usiku wa kwanza, muwe mnasoma uniti pamoja. Ugomvi wa umeme unavunja nyumba za kupanga kuliko ugomvi wa maji.

Chagua ya ukutani kama nyumba ni yako, gari ndani ni la kilowati 7 au zaidi, na unatembea sana: teksi za mtandaoni, safari za Bagamoyo au Kibaha kila siku, au magari mawili nyumba moja. Ichague pia kama umeme wa mtaani kwenu hukatika usiku mara kwa mara. Ukipata saa mbili tu za umeme kabla haujakatika, kilowati 7.4 zinakupa karibu uniti 15, za kubeba zinakupa 4 na nusu. Hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kufunga ya ukutani hapa kwetu.

## Hatua ya 7: Ukichagua ya kubeba

1. Vuta waya mpya kutoka DB mpaka maegesho, usiungwe popote. Tumia waya wa 4 hata kama 2.5 ungetosha kwa hesabu. Chini ya bati letu kuna joto, na waya ulio kwenye joto unabeba kidogo.

2. Weka breka yake yenyewe, ya ampea 16, yenye RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ndani yake. Iwe RCD ya aina A. Aina AC, ambayo ndiyo ya bei rahisi na ndiyo imejaa madukani, inaweza kupofushwa na umeme mnyoofu (DC, kama wa betri) unaovuja kutoka kwenye gari. Alama ziko usoni mwa kifaa: AC ina wimbi peke yake, A ina wimbi na chini yake vilima vidogo.

3. Funga soketi. Kama unabaki na plagi ya pini tatu, iweke chaja ampea 10, usipandishe 13. Ile namba 13 ni ya pasi na birika, vitu vya dakika chache. Kama kebo yako ni ya ampea 16, weka soketi ya bluu ya mviringo, ile ya viwandani. Pini zake ni nene, zinashika vizuri, na mfuniko wake unazuia mvua. Ningeweza ningeiweka kila nyumba.

4. Tundika kiboksi cha chaja kwenye ndoano. Kikining'inia hewani uzito wake unavuta plagi chini, pini zinashika upande mmoja, na joto linaanzia hapo.

Onyo: ekstensheni hapana. Hata ile nene, hata kwa usiku mmoja. Ikiwa imeviringishwa kwenye roli ndiyo hatari zaidi, maana joto la kila mzunguko linafungiwa na mzunguko wa juu yake.

Umefaulu ukiona: baada ya saa moja ya kuchaji, plagi ina uvuguvugu tu. Ukiweza kuishika kwa kiganja na kuhesabu mpaka kumi bila kutaka kuachia, iko sawa. Ikikuchoma, zima kwenye DB, usiivute ikiwa na mzigo.

## Hatua ya 8: Ukichagua ya ukutani

1. Chagua ukuta. Uwe chini ya paa au kibanda, usipigwe na jua la alasiri. Chaja ikipata joto sana inajipunguza yenyewe, na utadhani TANESCO wameshusha umeme. Urefu wa kiuno mpaka kifua, kebo ifike kwenye tundu la gari bila kukazwa. Jaribu kwa kuegesha gari kabla hujatoboa, maana Leaf lina tundu puani na magari mengine yana tundu ubavuni.

2. Waya. Kwa ampea 32, waya wa 6 mpaka mita 20 hivi. Zaidi ya hapo, kama maegesho yako getini, weka wa 10. Ukienda mbali kwa waya mwembamba volti zinashuka, unalipia joto la waya badala ya kilomita.

3. Breka ya 40 kwa chaja ya 32. Mzigo wa saa nyingi mfululizo haupaswi kukaa kwenye ukingo wa breka.

4. RCD. Soma karatasi ya chaja. Kama imeandikwa ina ulinzi wa ndani wa miliampea 6 za umeme mnyoofu, RCD ya aina A inatosha kwenye DB. Kama haina, unahitaji aina B, ambayo ni ghali. Uliza swali hili dukani kabla ya kulipa, kwa sababu chaja rahisi isiyo na ulinzi huo inaweza kuishia kuwa ghali kuliko nzuri.

5. Weka kikomo cha ampea ndani ya chaja. Nyingi zina swichi ndogo ndani au programu ya simu. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 3 na uweke namba ambayo nyumba inaimudu, hata kama ni 16 au 20. Fundi asiondoke kabla hajakuonyesha namba hiyo kwa macho yako.

6. Kaza skrubu, kisha kaza tena baada ya wiki mbili. Shaba inalegea kidogo ikishapata joto na kupoa mara kadhaa. Mwambie fundi mapema kwamba ziara ya pili imo kwenye malipo.

Umefaulu ukiona: klampu mita kwenye waya wa chaja inasoma ampea zilezile ulizoweka, volti kwenye chaja hazijashuka zaidi ya 10 kulinganisha na DB, na kifuniko cha breka hakijapata moto baada ya saa moja.

## Hatua ya 9: Usiku wa kwanza

Usichaji usiku wa kwanza ukiwa umelala. Anza Jumamosi mchana. Andika uniti za LUKU kabla, chaji saa mbili, andika uniti baada. Kwa ampea 10 utaona zimetoka karibu 4.6 za gari, ukitoa matumizi ya nyumba. Zikiwa pungufu sana, gari limepunguziwa na kitu: joto, volti ndogo, au kikomo ulichosahau kwenye menyu ya gari.

Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD wakati gari linachaji. Umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, usitumie tena mpaka kibadilishwe. Rudia kila mwezi, siku unayonunua umeme, ili usisahau.

## Mvua, chumvi na umeme unaorudi kwa kishindo

Kuchaji wakati mvua inanyesha hakuna tatizo kama kifaa kimeandikwa IP65, yaani hakiingizi vumbi wala mvua, na soketi ina mfuniko. Tatizo ni maji yanayosimama. Kipindi cha masika mtu wa Jangwani, Msasani bondeni au popote maji yanapopita, chaja iwe juu ya alama ya mafuriko ya mwaka uliopita, na kiboksi cha kubeba kisiwekwe sakafuni hata siku moja.

Karibu na bahari, pini za kebo zinaota kijani. Funika kichwa cha kebo kila unapomaliza, na ukiona kijani usikwangue kwa kisu. Kisu kinaondoa utando wa pini na mwezi ujao kijani kinarudi mara mbili. Kifutio cha penseli kwenye pini za plagi, umeme ukiwa umezimwa na kebo imechomolewa pande zote, kinatosha.

Umeme ukikatika na kurudi, sekunde za kwanza ndizo mbaya. Mwambie fundi aweke kizuia kishindo kwenye DB, kile kinachoonyesha kijani kikiwa kizima na chekundu kikishakufa. Na kama chaja yako ina mpangilio wa kuchelewa kuanza baada ya umeme kurudi, uweke dakika tano au kumi. Ukiona dirisha la kizuia kishindo limegeuka jekundu, kimeshamaliza kazi yake na hakitaifanya tena: nunua kingine kabla ya kuchomeka gari usiku huo.